Mkanda wa usalama wa gari

Mkanda wa usalama wa gari ni ukanda imara unaomshikilia dereva au abiria kwenye kiti chake gari linapogonga kitu, linaposimama ghafla au linapopinduka. Hufanya kazi pamoja na vifaa vingine viwili: kiti cha usalama cha mtoto, kwa wale ambao miili yao bado ni midogo kwa mkanda wa kawaida, na mfuko wa hewa (mafundi wengi huuita eabegi), unaojaa gesi mbele au kando ya mtu wakati wa ajali. Kati ya vifaa hivyo vitatu, mkanda ndio msingi. Mfuko wa hewa ulibuniwa kuusaidia mkanda, si kushika nafasi yake. Kwa mtu asiyefunga mkanda, na hasa kwa mtoto aliyekaa mbele, mfuko huo unaweza wenyewe kusababisha kifo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linakadiria kwamba kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi asilimia 50, na kwamba viti vya usalama vinapunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71.

Historia

Mikanda ya kumfunga mtu kitini ilitumika katika ndege tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika magari ilianza kuonekana kwa wingi miaka ya 1950, lakini mingi ilikuwa ya ncha mbili, yaani ilipita kiunoni tu. Mkanda wa namna hiyo humzuia mtu asirushwe nje, lakini kifua na kichwa huendelea kwenda mbele, na tumbo hubanwa kwa nguvu kubwa.

Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi alitengeneza mkanda wa ncha tatu unaotumika hadi leo. Kabla ya hapo Bohlin alifanya kazi katika kampuni ya Saab, akishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege wakati wa hatari. Mkanda wake ulipita nyongani na kifuani kwa utepe mmoja, na mtu aliweza kuufunga kwa mkono mmoja. Volvo iliruhusu kampuni nyingine zote kutumia hataza ya mkanda huo bila malipo.

Wazo la mfuko wa hewa lilipata hataza nchini Marekani mwaka 1953, kwa jina la John W. Hetrick. Hata hivyo, mfuko huo ulianza kuenea katika miaka ya 1980, baada ya kupatikana vihisi vya kutambua mgongano upesi na njia ya kuzalisha gesi kwa haraka.

Namna mkanda unavyofanya kazi

Sheria ya kwanza ya mwendo ya Newton inasema kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo mpaka nguvu nyingine ikizuie. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapogonga ukuta, husimama. Abiria aliyemo, asipofungwa, huendelea mbele kwa kasi ileile. Kwa hiyo katika ajali moja kuna migongano mitatu: gari hugonga kitu, mwili hugonga usukani, dashibodi au kioo, kisha viungo vya ndani kama ubongo, moyo na ini hugonga mifupa inayovizunguka.

Kasi ya kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mtu anayeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, takriban ghorofa ya tatu, hufika chini kwa kasi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, kujizuia kwa mikono kwenye dashibodi hakusaidii.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini mtoto hapaswi kupakatwa. Mtoto wa kilo 10 akisimamishwa kutoka kasi ya mita 14 kwa sekunde ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu inayohitajika ni newtoni 1,400. Nguvu hiyo ni sawa na kuinua kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji, tena bila kupata onyo. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kustahimili uzito huo. Mzazi asiyefunga mkanda humkandamiza mtoto kwa uzito wake mwenyewe. Kumfunga mtoto ndani ya mkanda mmoja na mtu mzima huleta madhara hayohayo.

Mkanda huokoa maisha kwa njia mbili. Kwanza, hutawanya nguvu ya mgongano kwenye mifupa imara ya mwili, yaani nyonga, mbavu na bega. Pili, humfanya mtu apunguze kasi pamoja na gari lenyewe, wakati sehemu ya mbele ya gari inajikunja na kumeza nishati. Ndani ya nguzo ya gari kuna kiviringisho kinachouacha mkanda ujivute taratibu, lakini hujifunga ukivutwa kwa ghafla. Magari mengi ya kisasa yana pia kifaa cha kukaza mkanda mara mgongano unapotokea.

Kufunga mkanda ipasavyo

Mkanda uliofungwa vibaya unaweza kujeruhi badala ya kulinda. Kanuni kuu ni hizi:

1. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Ikipita juu ya tumbo, inaweza kupasua utumbo, ini au wengu.
2. Sehemu ya juu ipite katikati ya mtulinga na katikati ya kifua. Haitakiwi kugusa shingo, kupita chini ya kwapa wala kuwekwa nyuma ya mgongo.
3. Mkanda ulale bapa, bila kujisokota, na usiwe na ulegevu. Nguo nene au mkoba haufai kuwa kati ya mkanda na mwili.
4. Kiti kisilazwe sana. Aliyelala huweza kuteleza chini ya mkanda, na mkanda ukamkaba tumboni au shingoni.
5. Kila mkanda ni wa mtu mmoja.
6. Egemeo la kichwa lifikie usawa wa kichwa, si wa shingo.

Anayekaa nyuma hana kinga zaidi kwa sababu ya kuwa nyuma. Asipofunga mkanda hurushwa juu ya kiti cha mbele, na anaweza kumuua aliyekaa mbele yake hata kama huyo amejifunga.

Mjamzito naye anatakiwa kufunga mkanda katika miezi yote ya ujauzito. Sehemu ya chini hupita chini kabisa ya tumbo, na sehemu ya juu hupita kati ya matiti na kando ya tumbo. Kinga kubwa ya mtoto aliye tumboni ni kunusurika kwa mama yake.

Viti vya usalama vya watoto

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Nyonga zake nazo bado hazina umbo la kuushikilia mkanda mahali pake. Kwa sababu hizo mtoto huhitaji kiti kinacholingana na urefu na uzito wake. Umri peke yake hautoshi kuamua.

Kiti cha kutazama nyuma ni cha watoto wachanga na wadogo. Gari likigonga mbele, ganda la kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, hivyo shingo haivutwi. Kanuni ya 129 ya Umoja wa Mataifa inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na madaktari wa watoto hushauri aendelee hivyo kwa kadiri kiti kinavyoruhusu.

Kiti cha kutazama mbele chenye mikanda yake hufuata mtoto anapozidi kipimo cha kile cha kwanza. Mikanda ya kiti cha kutazama nyuma hutokea usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ya kiti cha kutazama mbele hutokea usawa wa mabega au juu yake kidogo. Mikanda imekazwa vya kutosha ikiwa mtu hawezi kuukunja utepe kwa vidole viwili penye bega la mtoto.

Kiti cha kuinulia humnyanyua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari upite nyongani na begani. Hutumika mpaka mtoto afikie urefu wa sentimita 135 hadi 150, kulingana na sheria ya nchi. Mtoto yuko tayari kukaa bila kiti hicho akiweza kuegemea kabisa, magoti yakajikunja ukingoni mwa kiti, na mkanda usimguse shingo wala tumbo.

Kiti cha mtoto hufungwa kwa mkanda wa gari au kwa vishikizo vya chuma vilivyo kati ya sehemu ya kukalia na ya kuegemea, vinavyojulikana kama ISOFIX. Kiti kilichofungwa vizuri hakichezi zaidi ya sentimita 2.5 kikitikiswa pale kilipofungiwa. Mahali panapofaa ni kiti cha nyuma. Pale ambapo kiti cha mtoto hakipatikani, mtoto anayeweza kukaa mwenyewe ni afadhali afungwe mkanda nyuma kuliko kupakatwa au kusimama kati ya viti.

Mfuko wa hewa

Vihisi vinapotambua mgongano mkubwa, huwasha kemikali inayozalisha gesi, na mfuko hujaa katika muda wa milisekunde 30 hivi, pungufu ya muda wa kupepesa jicho. Baada ya hapo gesi hutoka kupitia matundu ili mwili utulie taratibu. Mfuko hutumika mara moja tu.

Kwa kuwa hutoka kwa nguvu nyingi, mtu anatakiwa kuupa nafasi. Dereva hushauriwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na usukani. Abiria hatakiwi kuweka miguu juu ya dashibodi, na juu ya mfuniko wa mfuko hapawekwi pambo wala simu, kwa maana vitarushwa usoni. Mtu asiyefunga mkanda husogea mbele wakati wa breki, akaukuta mfuko ukiwa bado unafumuka.

Kiti cha mtoto cha kutazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko hupiga mgongo wa kiti penye kichwa cha mtoto, na unaweza kumuua hata katika ajali ambayo wengine wangetoka salama. Katika gari lenye viti vya mbele tu, mfuko wa abiria lazima uzimwe kwanza.

Matunzo na magari yaliyotumika

Magari mengi ya Afrika Mashariki huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Mnunuzi anafaa kuvuta kila mkanda kwa ghafla kuona kama unajifunga, kuangalia kama utepe umechanika au kuchakaa, na kujaribu vifungio vyote, pamoja na vile vya nyuma ambavyo mara nyingi huzama chini ya kiti. Mkanda uliobeba mtu katika ajali kubwa hubadilishwa, kwa kuwa nyuzi zake zimeshanyooka. Kiti cha mtoto kilichopata ajali nacho hakitumiki tena.

Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka gari linapowashwa kisha huzimika. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, mfumo una hitilafu au umeondolewa. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliitishwa irudishwe kwa makumi ya mamilioni duniani, kwa sababu kemikali yake huharibika kutokana na joto na unyevu wa muda mrefu, kisha kasha lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Jambo hili linahusu pia miji yenye joto na unyevu kama Mombasa na Dar es Salaam. Tovuti za watengenezaji humwezesha mwenye gari kutafuta kwa namba ya chesisi.

Sheria

Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha ufungaji wa mkanda, mwaka 1970. Uingereza ilifuata kwa viti vya mbele mwaka 1983, na kwa watu wazima wa viti vya nyuma mwaka 1991.

Nchini Kenya kanuni zilizosimamiwa na waziri John Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004. Zilitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda na gari liwe na kidhibiti mwendo; wananchi wakaziita sheria za Michuki. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimlenga dereva na abiria wa kiti cha mbele.

Utekelezaji ndio mgumu. Wapo wanaofunga mkanda wakikaribia askari na kuufungua wakishampita, na wapo wanaochomeka ulimi wa bandia kwenye kifungio ili kunyamazisha king'ora. Njia hizo huepusha faini au kelele tu. Gari likigonga, aliyemo huwa sawa na asiyefunga mkanda.