Karatasi za Siri na Mashine ya Kuzichana

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, wenzetu wameandika habari za maghala, mizani na bei za mazao. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za mashine ndogo iliyo pembeni mwa chumba cha hesabu, ambayo wanachama wengi huitazama kwa jicho la shaka. Shaka hiyo ina haki yake, nasi hatutaificha.

Mashine ile ililetwa kwa sababu ya vitumbua. Mwanachama mmoja alinunua vitumbua sokoni, akafungiwa katika karatasi, na alipokwisha kula akaikunjua karatasi akaona jina la jirani yake, kiasi cha deni lake, na alama ya kidole gumba chake. Ilikuwa fomu ya mkopo iliyotoka katika ofisi yetu wenyewe, ikauzwa kwa kilo pamoja na magazeti ya zamani. Aibu ilikuwa yetu. Baada ya hapo tukachoma karatasi nyuma ya ghala, lakini moto nao ulitudanganya: bunda lililobanana huungua kingo, na katikati maneno hubaki yakisomeka, na upepo huchukua vipande hadi barabarani.

Wazo la kuharibu maandishi bila moto si la jana. Mwaka 1909 Mmarekani mmoja, Abbot Augustus Low wa jimbo la New York, alipewa hati ya uvumbuzi kwa kikapu cha taka chenye meno ya kukata, ili karatasi itupwayo isisomeke tena. Low alifariki mwaka 1912, na mashine yake haikupata kutengenezwa kwa kuuzwa. Aliyeifanya kazi hiyo ikafika madukani ni Mjerumani, Adolf Ehinger wa mji wa Balingen, mnamo mwaka 1935. Yasimuliwa kwamba alikuwa na maandishi ya kuwapinga Manazi, jirani akayaona katika taka zake akatishia kumshtaki. Na katika siku zile shtaka kama hilo lilikuwa jambo la roho. Ehinger akaiga mashine ya mkono itumikayo jikoni kukatia tambi, akapitisha karatasi mahali pa unga. Baadaye akaitia mota ya umeme. Kampuni yake, iliyoitwa EBA, ilitoa mwaka 1959 mashine iliyokata karatasi kwa urefu na kwa upana pia, si nyuzi ndefu tu.

Tofauti hiyo ya nyuzi na chembe yaweza kuonekana ndogo, lakini Wamarekani waliilipia huko Tehran. Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi wa Irani waliuvamia ubalozi wa Marekani, na watumishi wa ubalozi walikuwa wamechana karatasi nyingi za siri kuwa nyuzi ndefu. Wairani wakawaita mafundi wa kufuma mazulia, watu waliozoea kutazama uzi mmoja mmoja, wakaunganisha nyuzi zile ukurasa baada ya ukurasa, kisha zikachapwa vitabuni na kuuzwa.

Habari ya Ujerumani Mashariki yatugusa zaidi sisi watu wa magunia. Mwishoni mwa mwaka 1989 polisi wa siri wa nchi ile, Stasi, walipoona utawala wao unaanguka, walianza kuharibu mafaili waliyoandika juu ya raia. Mashine zao zikazidiwa na kuharibika, wakalazimika kurarua kwa mikono. Raia wakaingia ofisini mwao na kuwazuia, na yakapatikana magunia yapatayo 16,000 ya vipande. Tangu mwaka 1995 watu wamekaa mezani kuviunganisha kwa mkono. Kompyuta nayo ikajaribiwa, na hata hivyo yaliyounganishwa ni magunia mia kadhaa tu. Wapo waliopata kujua kwa njia hiyo ni rafiki gani aliyewachongea.

Hapo ndipo msomaji ataona kwamba mashine haijui inamtumikia nani. Ilimlinda Ehinger na wenye nguvu. Stasi waliitaka iwafiche wenye nguvu na raia. Mwaka 2001, kampuni ya Enron ya Marekani ilipokuwa ikianguka, wakaguzi wake wa hesabu, Arthur Andersen, walichana karatasi kwa wingi. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 2002. Mahakama Kuu Kabisa ilitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini kampuni ilikwisha kuvunjika.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Waingereza walipokaribia kuondoka, maagizo ya mwaka 1961 yalitaka karatasi ambazo zingeitia aibu serikali yao zisirithiwe na serikali mpya. Nyingine zilichomwa na majivu yake yakasagwa, nyingine zikapelekwa Uingereza kwa siri. Mwaka 2011, kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya, ilikubaliwa kwamba mafaili kiasi cha 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 walalamikaji 5,228 walikubaliwa kulipwa. Kama yote yangechomwa, wazee wale wangesimama mahakamani na makovu yao tu.

Mashine yetu ni ya daraja la nne kati ya saba za kanuni ya Kijerumani ya mwaka 2012: kipande kisizidi milimita 160 za mraba, hivyo ukurasa mmoja wa kawaida hutoa vipande karibu 400. Katika daraja la saba kipande ni kidogo kuliko punje ya mchele, na ukurasa hutoa zaidi ya 12,000. Hatuna siri za namna hiyo. Vyombo vya kompyuta haviwezi, navyo huvunjwa kwa nyundo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatulazimisha kulinda habari za wanachama, basi mashine itabaki. Lakini katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: «Mkichana stakabadhi ya mizani yangu, nitadai kwa kitu gani?» Ukumbi ulinyamaza, nasi hatukuwa na jibu la kutosha. Tangu siku ile, karatasi ya deni au ya mizani haiingii mashineni kabla hesabu za mwaka wake hazijakaguliwa na malalamiko yake kumalizika. Kila bunda huandikwa katika daftari, yaliyomo na mwaka wake, na katibu, mweka hazina na mjumbe mmoja wa halmashauri hutia sahihi.

Wanachama wametaka sahihi ya tatu iwe ya mwanachama wa kawaida atakayechaguliwa kwa kura. Baadhi ya wajumbe wa halmashauri hawakubali. Sisi tulio wenye kushika kalamu twaona wanachama wana haki, na tumeliweka jambo hilo katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mpaka hapo litakapoamuliwa, mabunda matatu ya fomu za mikopo yamefungwa kabatini, hayajachanwa.