PUNJE ZA NGANO NA HESABU ILIYOMSHINDA KADHI



Ndugu wasomaji, nenda soko la Kimironko, umwambie muuza nafaka: "Leo nipe punje 1, kesho 2, keshokutwa 4, uzidishe mara mbili kila siku mpaka siku ya 64." Atacheka, na huenda akakubali. Asikubali!

Kisa hiki ni cha zamani. Inasimuliwa kuwa Sissa, aliyebuni mchezo wa sataranji, aliulizwa na mfalme anataka zawadi gani. Akaomba ngano: punje 1 katika nyumba ya kwanza ya ubao, 2 katika ya pili, hivyo hivyo mpaka ya 64. Mfalme aliona ni kitu kidogo, kumbe hazina yake yote isingetosha.

Ibn Khallikan (1211-1282), kadhi wa Damascus, naye hakuamini alipoelezwa. Kisha mhasibu mmoja wa Alexandria akamwandikia hesabu kwenye karatasi. Nyumba ya 16 ilifika punje 32,768, akazifanya kuwa kipimo kimoja. Akaendelea kuzidisha vipimo, kisha maghala, mwisho miji: miji 16,384 iliyojaa maghala ya ngano! Kadhi akakubali.

Kabla yake, al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm (973), alikwishaihesabu mnamo mwaka 1000 kwa njia fupi. Tazameni: 1+2+4 ni 7, yaani 8 kasoro 1. Jumla siku zote ni nyumba inayofuata kasoro moja. Basi chukua 16, izidishe kwa yenyewe: 256. Tena: 65,536. Tena: 4,294,967,296. Mara ya nne, kisha toa 1, utapata:

18,446,744,073,709,551,615

Namba hii inagawanyika kwa 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Ukizidisha hizo saba pamoja, unairudia yenyewe.

Tukikadiria punje 25 kwa gramu, nyumba ya 20 ina kilo 21 tu. Ya 30 ina tani 21, na ya 40 karibu tani 22,000. Jumla yote ni tani bilioni 738. Dunia sasa huvuna ngano kama tani milioni 800 kwa mwaka, basi ingehitaji zaidi ya miaka 900.

Wazazi, hapa pana funzo la nyumbani. Deni la faranga 1,000 likizidi mara mbili kila mwezi, baada ya miezi 10 ni faranga 1,024,000. Mwanzo wake hautishi, kama nyumba zile za kwanza. Aya ya 130 ya Suratu Aal-'Imraan inakataza riba ya namna hii, na mwenye kupiga hesabu ataona sababu mojawapo.

Leo jioni waleteeni watoto kete za igisoro. Nazo ni 64. Kila kete iwe nyumba moja, wahesabu kwa kalamu na karatasi, muone wataishia ya ngapi.

Wabillaahi tawfiyq.