Bastola kubwa ya bei nafuu: ni nani aliyeilipia Bukavu?



Tangu benki zifungwe mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, feza nyingi inalala nyumbani. Mwenye duka anaficha chini ya godoro kile ambacho zamani alikipeleka benki kila jioni. Wezi wenye silaha wanalijua jambo hilo, na usiku tunawasikia. Ndiyo maana wababa wengine, hapa Ibanda kama vile Kadutu na Bagira, wanaulizana kwa sauti ya chini: bastola gani inafaa kwa kulinda nyumba? Iwe kubwa, iwe na risasi nene, na bei yake isimshinde mtu wa kawaida.

Swali hilo linaeleweka, wala hatumcheki anayeliuliza. Bei na mahali pa kununua hatutavitaja hapa. Tutaeleza bastola ilifikaje kwetu, nani aliruhusiwa kuichagua, na kwa nini leo inaonekana ya bei nafuu. Historia hiyo ina jibu lake.

Ruhusa ilikuwa ya nani

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Zanzibar na mengine, yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulisemwa kuwa mkataba wa kumaliza biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha: katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingizwa. Kilichoweza kuuzwa kwa watu wa huku ni gobore za jiwe na baruti ya kawaida. Silaha za kisasa ziliachiwa askari wa serikali, na pia msafiri aliyekuwa na karatasi ya serikali yake ikithibitisha kwamba silaha yake ni ya kujilinda tu.

Tuangalie maneno hayo vizuri: «ya kujilinda tu». Mwaka 1890 tayari bastola ya kujilinda ilikuwa na mtu wake, naye hakuwa mwenyeji wa kando ya Ziwa Kivu. Katika Force Publique, jeshi la koloni, askari mwafrika alibeba Albini, bunduki nzito yenye risasi ya milimita 11, ambayo hupakiwa risasi moja moja. Bastola ilikaa kiunoni mwa afisa mzungu. Hata mji wetu, ulipokuwa ukiitwa Costermansville, ulipangwa hivyo hivyo: Wazungu huku Ibanda kando ya ziwa, Waafrika kule Kadutu. Bastola ilikuwa upande mmoja wa mpaka huo.

Risasi nene ilitoka wapi

Wazo kwamba risasi ikiwa nene ndipo mtu anakuwa salama lina tarehe yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, jeshi la Marekani lilikuwa likipigana katika visiwa vya Ufilipino. Maafisa wake walilalamika kwamba bastola zao za risasi ndogo haziwasimamishi wapiganaji wa Moro wanaokuja mbio na panga. Mwaka 1904 maafisa wawili, John Thompson na daktari Louis LaGarde, walifanya majaribio Chicago, kwenye machinjio: walipiga risasi ng'ombe wazima na maiti za watu. Mwishowe wakashauri kwamba bastola ya jeshi isiwe na risasi ndogo kuliko milimita 11,43. Mwaka 1911 Marekani ikapokea bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning, ya risasi za ukubwa huo, saba katika magazini yake.

Kwa hiyo risasi nene ilichaguliwa kwa ajili ya askari aliye uwanjani, mbele ya adui anayemjia mbio. Hakuna aliyepima nyumba za mbao zilizobanana kwenye mteremko, ambako ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa jirani. Risasi ya bastola, iwe nene au nyembamba, inapita ubao na kuendelea. Anayemlenga mwizi mlangoni usiku, bila taa, hajui nani amelala nyuma ya ubao wa tatu.

Kiwanda cha Herstal

Browning huyo huyo alifanya kazi pia na Wabelgiji. Kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na Liège, kwa ajili ya kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji. Bastola zake ndogo zilienea Ulaya nzima. Mojawapo, ya aina ya 1910, ndiyo aliyoitumia Gavrilo Princip mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kumwua mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mke wake. Risasi yake ilikuwa milimita 9 fupi, ambayo wapenda risasi nene wanaiona dhaifu.

Vita vilivyofuata vilifika hadi kwetu. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yalikirudisha, yakavuka mpaka wa mashariki na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba. Wapagazi wa Kivu walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita hivyo, na wengi hawakurudi.

Bastola kubwa iliyokuja kujulikana sana Kongo ilizaliwa baadaye. Jeshi la Ufaransa lilitaka bastola inayobeba risasi nyingi. Browning akaanza kazi hiyo, akafa mwaka 1926 akiwa kiwandani Herstal, na mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Ubelgiji iliipokea mwaka 1935, ndiyo sababu inaitwa GP 35. Ilibeba risasi 13 za milimita 9, karibu mara mbili ya Colt. Ni bastola nzima ya jeshi, ya kujaza mkono, karibu kilo moja.

Mbona hawakuchagua risasi nene kama Wamarekani? Risasi ya milimita 9 iliacha nafasi ya masasi mengi ndani ya mpini, na ilirusha mkono kidogo zaidi. Faida nyingine ilikuja kuonekana baada ya Vita vya Pili: Wabelgiji walipotengeneza bunduki fupi ya Vigneron na kuipa Force Publique, nayo ilitumia risasi hiyo hiyo. Sanduku moja la masasi lililisha silaha mbili.

Hivyo ndivyo jeshi linavyochagua bastola. Haliangalii ukubwa na bei tu. Linauliza masasi yatatoka wapi miaka ishirini ijayo, nani atairekebisha ikiharibika, nani atafundisha watu kuitumia, itafungiwa katika ghala gani, na nani atahesabu kila asubuhi kama haijapotea. Baba wa nyumba Muhumba hana jibu hata moja kati ya hayo. Hana ghala; ana kabati ambalo watoto wanalifungua.

Bei ilishukaje

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, Force Publique iliasi katika siku chache. Maafisa wazungu wakaondoka, na silaha zao zikabaki mikononi mwa jeshi jipya la taifa. Kisha mji wetu ukaanza kuhesabu majeshi yaliyopita.

Agosti 1964 Wasimba waliushambulia Bukavu, wakarudishwa nyuma na askari wa Kanali Léonard Mulamba. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme pamoja na askari Wakatanga waliuteka mji, wakakaa hadi mwanzoni mwa Novemba, walipovuka kwenda Rwanda na kunyang'anywa silaha huko. Mwaka 1994 jeshi la Rwanda lililoshindwa liliingia Zaire kupitia Goma na Bukavu, pamoja na silaha na wakimbizi wengi sana. Mwishoni mwa Oktoba 1996 askari wa Mobutu walikimbia mbele ya AFDL huku wakipora. Vikaja vita vya 1998. Julai 2003 Umoja wa Mataifa uliweka marufuku ya silaha kwa Ituri na Kivu zote mbili. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Juni 2004, Jules Mutebutsi na Laurent Nkunda waliingia Bukavu, na wanawake wa mji huu wanajua kilichofuata. Februari 2025 jeshi la serikali liliondoka tena, na M23 ikaingia.

Kila jeshi lililoondoka liliacha kitu. Askari asiyelipwa aliuza silaha ili ale. Ghala lilibaki bila mlinzi. Kambi ilikuwa tupu asubuhi. Bei ya bunduki au bastola Kivu haikushushwa na kiwanda chochote. Ilishushwa na kushindwa huku, kumoja baada ya kwingine. Kwa hiyo mtu akiambiwa leo kwamba kuna bastola nzuri ya bei nafuu, ajue kwamba malipo yake ya kwanza yalikwisha kutolewa: na askari aliyenyang'anywa, na familia iliyoporwa nayo, au na mtu aliyeuawa nayo. Haina karatasi, lakini ina mambo iliyoyafanya, na anayeinunua anayachukua pamoja nayo. Wazee husema rahisi ni ghali.

Ilimlinda nani?

Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukianguka, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera. Wiki ile Bukavu ilijaa silaha za kila aina, na hakuna hata moja iliyomkinga. Waliokuwa nazo walikuwa wamekwisha kukimbia au wameanza kupora.

Februari 2025 silaha zilizoachwa zilionekana hata mikononi mwa watoto. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba ilithibitisha visa vya watoto waliouawa na M23 bila hukumu baada ya kuingia Bukavu, na kwamba ilikuwa na habari za watoto waliokuwa na silaha. Mtoto aliyeokota bunduki pengine aliona amepata nguvu. Mbele ya mwenye nguvu kweli, bunduki ile ilimgeuza adui.

Hili ndilo ambalo mnunuzi wa bastola hapimi. Sheria ya nchi, ile Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inamtaka raia awe na kibali cha serikali kabla ya kumiliki silaha. Katika mji unaobadilisha wakubwa, kibali cha leo ni ushahidi wa kesho. Askari akikukuta na bastola atasema wewe ni wa M23. M23 akikukuta nayo atasema wewe ni Mzalendo. Mzalendo naye atasema lake. Na mwizi akisikia kwamba nyumba fulani ina bastola, hatakuja tena na panga. Atakuja na wenzake wanne na bunduki, na bastola yenyewe itakuwa sehemu ya mali anayoifuata.

Kwa ninyi mlio njiani, kuelekea Burundi, Uvira au kwa ndugu huko Walungu, jambo hili ni zito zaidi. Kwenye barieri furushi linafunguliwa. Bastola moja ndani ya nguo za watoto inaweza kugharimu familia nzima, hata wale ambao hawakujua kwamba imo.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Huko Katanga, baada ya vita, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika la PAREC waliwapa watu baiskeli badala ya bunduki walizozisalimisha. Baiskeli inabeba mihogo hadi sokoni na mgonjwa hadi hospitali, na hakuna barieri ambapo mtu atauawa kwa sababu ya kuwa nayo. Katika sehemu nyingi za Kivu jirani wanalindana kwa filimbi na masufuria: nyumba moja ikivamiwa inapiga, avenyu nzima inaitikia. Njia hiyo haifaulu kila usiku, na mwenye bunduki haogopi sufuria daima. Lakini inawaamsha watu wote kwa pamoja, na mtoto akiishika haimwui.

Feza ya nyumbani igawanywe, isikae mahali pamoja, na wasijue wengi. Anayeokota silaha au masasi, kwenye mtaro, shambani au katika nyumba iliyoachwa, asiyaguse. Aondoe watoto, aweke alama kwa mbali, amwambie kiongozi wa avenyu au wa kanisa anayemwamini, na awaonye jirani wasipite hapo.