Safu ya Lugha: Bakapu si rikavari

Hapa Kaengesa, sawa na Sumbawanga mjini, ukipeleka kompyuta kwa fundi huenda ukaambiwa: "Usihofu, ina bakapu yake ndani." Hapana, fundi. Kilichomo ndani ni sehemu ya diski iliyotengwa, yenye mafaili ya kurejesha Windows. Hiyo ni rikavari, nayo imo kwenye diski ileile: diski ikifa, imekwenda nayo. Ndiyo maana hutengenezwa flashi ya urejeshi, ya GB 16 au zaidi (iwe tupu, kwani vilivyomo hufutwa). Lakini hata hiyo haibebi barua wala picha zako.

Bakapu ni nakala ya kazi zako iliyowekwa kando. Kiswahili chake ni nakala rudufu. Wapo wanaosema chelezo, neno tamu la wanamaji, lenye asili ya kuelea: ni boya, na pia mahali meli inapopandishwa kutengenezwa. Mimi ningeipa flashi ya urejeshi jina hilo, maana ndiyo inayoinua mashine iliyozama. Watu wa Kasanga wanaijua meli ya Liemba: ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Meli ilirudi, shehena ni habari nyingine.