Kusafisha filamu: maana tatu za neno moja katika maabara ya sinema

safisha (filamu) kt. 1. pitisha filamu iliyopigwa katika dawa ili taswira iliyofichika ionekane na kudumu. 2. ondoa vumbi, mafuta, ukungu au uchafu mwingine juu ya filamu ambayo taswira yake imekwisha kuonekana. 3. ondoa kwa kompyuta madoa na mikwaruzo katika nakala ya kidijitali ya filamu.

Maana zote tatu zinatumika, na hakuna iliyo kosa. Utata hutokea zinapokutana mahali pamoja, nako ni katika maabara ya sinema inayopokea filamu mpya kutoka kwa wapiga picha na wakati huohuo kurejesha filamu za zamani. Makala haya yanaeleza kazi inayofanyika chini ya kila maana, kisha yanapendekeza namna ya kuandika bila kumwacha msomaji akikisia.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mfano mmoja. Kopo la filamu limefika katika ghala la hifadhi likiwa limebandikwa karatasi yenye neno moja tu: "Haijasafishwa." Msomaji anayefuata maana ya kwanza hatalifungua ila gizani, kwa kuwa anajua kwamba mwanga wa sekunde chache utafuta kila kilichopigwa. Anayefuata maana ya pili atalifungua mezani, chini ya taa, akitafuta vumbi la kupangusa. Huyu wa pili hakukosea Kiswahili. Alisoma neno kama linavyosomwa kila siku. Lakini hasi iliyotoka katika kamera ni moja tu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Maana ya kwanza: kuibua taswira

Kitenzi safisha kimetokana na kivumishi safi, chenye asili ya Kiarabu, kikapewa kiambishi cha kusababisha. Kwa asili yake kinamaanisha kukifanya kitu kiwe safi. Matumizi ya studio yalikipeleka mbali zaidi. Mtu alipeleka roli ya filamu studio "ikasafishwe", au picha zake "zikaoshwe", akarudi siku nyingine kuzichukua. Katika semi hizo hapakuwa na uchafu wowote ulioondolewa. Kilichotazamwa ni umbo la kazi yenyewe: vyombo vya maji na dawa, kuchovya, kusuuza na kuanika.

Kinachotokea humo ni hiki. Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando wa jelatini wenye chumvi za fedha. Mwanga unapoingia katika kamera, chumvi hizo hupata badiliko dogo lisiloonekana kwa macho, linaloitwa taswira fiche. Dawa ya kuibua hugeuza chumvi zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, ambayo katika utando huonekana nyeusi. Asidi nyepesi husimamisha kazi ya dawa hiyo. Kisha dawa ya kudumisha huyeyusha chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga, na kuanzia hapo filamu inaweza kutolewa nje bila kuharibika. Mtafsiri akumbuke kwamba "fedha" hapa ni madini. Mahali ambapo msomaji anaweza kudhani ni pesa, "madini ya fedha" hutosha kuondoa shaka.

Filamu hasi ya rangi ya sinema ina hatua nyingi zaidi. Utaratibu wa Kodak unaoitwa ECN-2 hutumia dawa ya kuibua rangi yenye joto la nyuzi 41.1 za Selsiasi, na filamu hukaa ndani yake kwa dakika 3 tu. Kwa aina za filamu zenye tabaka jeusi la kaboni mgongoni, tabaka hilo hulainishwa na kuondolewa kwanza. Baada ya dawa ya rangi hufuata kusimamisha, kupausha, kudumisha na kukausha, na kati ya hatua hizi filamu husuuzwa kwa maji. Mashine huivuta filamu bila kukoma kutoka chombo kimoja hadi kingine, na sehemu ya mwanzo hufanyika katika giza totoro. Taa nyekundu inayojulikana katika vyumba vya picha za rangi nyeusi na nyeupe haifai hapa.

Maneno mawili ya hatua hizi yanahitaji uangalifu.

Kupausha. Katika matumizi ya kawaida, kilichopauka kimepoteza rangi. Katika maabara rangi ndizo zinazobaki. Dawa ya kupausha huirudisha fedha katika hali ya chumvi ili dawa ya kudumisha iiyeyushe. Mwishowe taswira hubaki ikiwa imeundwa na rangi peke yake. Sentensi "filamu hupaushwa kwa dakika kadhaa" humfanya msomaji adhani picha inafifishwa. Ni bora kusema: "fedha iliyomo katika filamu hupaushwa, rangi zikabaki."

Kuosha. Kwa kuwa "kuosha picha" limekwisha kuwa jina la kazi nzima, hatua ya maji matupu huitwa vyema kusuuza. Mwongozo unaotumia kuosha kwa mambo yote mawili humlazimu mwanafunzi kukisia kila anapokutana na neno hilo.

Maana ya pili: kuondoa uchafu

Filamu ya zamani inapoingia maabara, taswira yake iliibuliwa miaka mingi iliyopita. Kazi ya kwanza ni ukaguzi wa mkono. Fundi huipitisha filamu juu ya kioo chenye taa, akitafuta maungio yaliyoachia, matundu ya pembeni yaliyochanika na sehemu zilizosinyaa. Hurekebisha kwanza yale yanayoweza kukatika ndani ya mashine, kisha filamu husafishwa. Mashine nyingi za kazi hii huichovya filamu katika kimiminika kinachotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Mtikisiko huo huachanisha vumbi na mafuta na filamu bila kuusugua utando.

Kimiminika hiki si dawa ya kuibua wala ya kudumisha. Hakibadilishi chochote ndani ya utando. Kwa hiyo kukiita "dawa" bila maelezo kunachanganya zaidi. Kiyeyusho, au kiyeyusho cha kuondolea mafuta, ni jina lililo wazi.

Kitenzi kina mipaka pia. Filamu za sinema za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Plastiki hiyo hushika moto kwa urahisi, na moto wake haukomi hata inapokosa hewa. Asetati iliyoifuata ilikuwa salama kwa moto, lakini ina maradhi yake: inapooza hutoa asidi ya siki, husinyaa, hujipinda, na harufu yake hutambulika mara kopo linapofunguliwa. Hali hii huitwa ugonjwa wa siki. Wahifadhi huupima kwa vipande vya karatasi vinavyogeuka kutoka buluu kuwa kijani na hatimaye manjano kadiri asidi inavyozidi. Ugonjwa wa siki hausafishiki. Baridi na ukavu huupunguzia mwendo tu, na tiba pekee ya kazi iliyomo ni kuihamishia kwenye filamu au nakala nyingine mapema. Tafsiri inayosema filamu yenye ugonjwa huu "ilisafishwa na kupona" imeahidi lisilowezekana.

Maana ya tatu: kuondoa madoa kwa kompyuta

Filamu iliyokaguliwa huskaniwa, yaani kila fremu hupigwa picha ya kidijitali. Vitenzi skani na tambaza vyote vinatumika. La muhimu ni kushika kimoja katika andiko zima. Baadhi ya mikwaruzo hufichwa hapohapo: filamu hupitishwa katika kimiminika ambacho hupinda mwanga karibu sawa na plastiki ya filamu, kikajaza mfereji wa mkwaruzo, na mwanga ukapita kana kwamba haupo. Mkwaruzo uliochimba hadi ndani ya utando haufichiki hivyo, kwa kuwa sehemu ya taswira yenyewe imeondoka.

Yaliyobaki huachiwa kompyuta. Sinema yenye sauti huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na chembe ya vumbi kwa kawaida huonekana katika fremu moja tu. Programu hulinganisha fremu na jirani zake, huliona doa lisilo na mwenzake, na kulijaza kwa kilichomo katika fremu ya kabla au ya baada. Hapa ndipo jicho la mtu linapohitajika, kwani tone la mvua, cheche ya moto na mbawa za mdudu huonekana vivyo hivyo, kwa nukta moja kisha basi.

Maana hii ina mtego uliofichika ndani ya neno lenyewe. Anayesafisha huamini kwamba kinachotoka ni uchafu. Lakini filamu ina chembechembe zake za asili, ambazo ni fedha au rangi inayounda taswira. Programu ikiamriwa kuziondoa zote, nyuso huwa laini kama nta na nguo hupoteza ufumaji wake. Chembechembe si vumbi. Mwandishi anayesifu urejeshaji kwa kusema "filamu imesafishwa ikawa kama ya leo" huenda anaeleza hasara akidhani anaeleza mafanikio.

Uhifadhi, ukarabati na urejeshaji

Istilahi hizi tatu hutumiwa ovyo kwa kubadilishana, ilhali kila moja ina kazi yake. Uhifadhi ni kukilinda kitu kisiharibike zaidi: ghala lenye baridi, makopo yanayofaa, kumbukumbu za kila roli. Ukarabati ni kutengeneza kilichoharibika katika ukanda wenyewe: kuunga, kuziba tundu, kunyoosha. Urejeshaji hulenga kazi ya sanaa, yaani kuirudisha sinema karibu na ilivyoonekana na kusikika ilipotolewa.

Tofauti hii inategemea nyingine iliyomo katika neno filamu. Filamu ni ukanda, na filamu ni sinema iliyomo katika ukanda huo. Ukanda hukarabatiwa, sinema hurejeshwa. Sinema moja huweza kurejeshwa kutoka katika kanda mbili au tatu tofauti, kila moja ikitoa sehemu iliyo bora ndani yake.

Mfano wa Afrika unaonyesha kwa nini urejeshaji si ufundi wa usafi peke yake. Maabara ya L'Immagine Ritrovata mjini Bologna, Italia, ndiyo iliyorejesha La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966, na Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania, ya mwaka 1970. Mwaka 2017 shirika la The Film Foundation, likishirikiana na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, pamoja na UNESCO, lilianzisha mradi wa kurejesha sinema za Afrika. Hondo alikuwa hai Soleil Ô iliporejeshwa mwaka huohuo, akaweza kushirikishwa. Sembène alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2007. Pale ambapo mtunzi hayupo, weusi wa kivuli na wepesi wa mwanga huamuliwa kwa ushahidi: nakala za zamani, maandishi, na watu waliofanya kazi pamoja naye. Uamuzi wa namna hiyo haubebwi na neno kusafisha.

Mapendekezo ya matumizi

Kwa maana ya kwanza, katika maandishi ya kitaalamu tumia kuibua taswira, na kusafisha kwa dawa ya kuibua pale msomaji alipozoea neno la studio. Katika mazungumzo na hadithi, kusafisha filamu na kuosha picha ni Kiswahili sahihi na visisahihishwe.

Kwa maana ya pili, taja kinachoondolewa: kusafisha vumbi, kuondoa ukungu, kupangusa mafuta.

Kwa maana ya tatu, tumia kufuta madoa au kuondoa mikwaruzo kwa kompyuta.

Utata: Filamu ilisafishwa, ikaskaniwa, ikasafishwa, na hasi mpya ikasafishwa.
Wazi: Filamu ilitolewa vumbi, ikaskaniwa, madoa yakafutwa kwa kompyuta, na taswira ya hasi mpya ikaibuliwa katika dawa.

Utata: Filamu safi zihifadhiwe mbali na mwanga.
Wazi: Filamu zisizopigwa zihifadhiwe mbali na mwanga.

Sentensi ya kwanza katika jozi ya kwanza si ya kubuniwa kwa kichekesho. Mradi wa urejeshaji unaomalizika kwa kuandika picha ya kidijitali juu ya filamu mpya, ili idumu ghalani, hupitia maana zote tatu kwa mpangilio huohuo.

Lile kopo la mwanzo nalo linahitaji maneno machache tu ya ziada: "Filamu iliyopigwa. Taswira haijaibuliwa. Ifunguliwe gizani tu."