Matairi ya theluji: Jinsi ya kupata yaliyo salama kwa gharama nafuu

Familia inayohamia Montreal kutoka Bukavu au Bujumbura hukutana na gharama ambayo haikuwamo katika bajeti ya gari kule ilikotoka. Gharama hiyo ni seti ya pili ya matairi.

Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, jambo hilo si la hiari. Tangu mwaka 2008 sheria ya jimbo hilo inataka magari madogo yaliyosajiliwa huko yafungwe matairi ya majira ya baridi, na tangu mwaka 2019 kipindi cha lazima ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Mwenye gari anayekiuka hutozwa faini ya dola 200 hadi 300 za Kanada, mbali na gharama nyingine.

Hata pasipokuwa na sheria, sababu ya kuyanunua ipo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Sentigredi, na tairi gumu halishiki barabara vizuri hata kama hakuna theluji. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake huwa na mikato midogo mingi inayouma theluji. Tofauti hiyo huonekana pale dereva anapokanyaga breki ghafla kwa sababu ya mtoto aliyeingia barabarani.

Kitu cha kwanza cha kutazama si bei bali alama. Ubavuni mwa tairi panatakiwa kuwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mchoro huo unamaanisha kuwa aina hiyo ya tairi imepimwa kwenye theluji na kufaulu. Herufi M+S peke yake hazitoshi, kwani huelezea umbo la mifereji ya tairi tu. Quebec iliacha kuzitambua herufi hizo mwaka 2014, na Ujerumani ikafuata Oktoba 2024. Mchoro wa mlima hupatikana pia kwenye matairi ya bei ya chini, kwa hiyo mwenye kipato kidogo halazimiki kununua jina kubwa ili atimize sheria. Hata hivyo, kipimo hicho ni cha theluji na si cha barafu, hivyo tahadhari bado inahitajika.

Wapo wanaojaribu kubana matumizi kwa kununua matairi mawili badala ya manne. Huo ni uchumi wa hatari. Yakifungwa mbele tu, sehemu ya nyuma ya gari huteleza na kuzunguka kwenye kona. Yakifungwa nyuma tu, usukani hautii. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne nalo halina msamaha: mfumo huo husaidia kuondoka, lakini hausaidii kusimama.

Matairi ya mtumba yanaweza kuokoa fedha iwapo mnunuzi atayakagua mwenyewe. Tarakimu nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Vilevile kina cha mifereji kipimwe. Tairi la baridi likibaki na chini ya milimita 4 nguvu yake kwenye theluji hupungua sana, ingawa halijawa kipara. Tairi lenye uvimbe, mpasuko au kiraka ubavuni liachwe hata likitolewa bure.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni ukubwa. Magari mengi yanayotoka kiwandani na rimu za inchi 17 huruhusiwa kutumia za inchi 16, ambazo matairi yake kwa kawaida ni ya bei ya chini. Vipimo vinavyokubalika huandikwa katika kitabu cha gari, na fundi athibitishe kuwa rimu ndogo haigusi breki. Uwezo wa kubeba uzito usipungue ule uliowekwa na mtengenezaji.

Rimu za chuma za ziada nazo hujilipa zenyewe. Matairi yakikaa kwenye rimu zake, kazi ya kila msimu ni kubadilisha magurudumu tu, bila kulipia kuvua na kuvalisha mpira mara mbili kwa mwaka. Ununuzi nao ufanywe mapema, kabla theluji ya kwanza haijajaza foleni katika gereji na kumaliza saizi zinazotafutwa sana.

Baada ya kufungwa, upepo upimwe kila mwezi. Shinikizo hushuka kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto zinazopungua. Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye joto huweza kupungua psi 5 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri.

Majira ya joto yakirejea, matairi hayo yavuliwe na kuhifadhiwa mahali pakavu, penye ubaridi na pasipo jua. Mpira laini huisha haraka kwenye lami yenye joto na hurefusha umbali wa kusimama. Onyo hilo linawahusu pia wanunuzi wa Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa gari la mtumba kutoka Japani huweza kufika likiwa na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni.

Kwa anayeishi penye theluji, gharama ya seti mbili ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Seti moja inapotumika nyingine hupumzika, na kila moja hudumu miaka mingi zaidi.