Mwanamke na Gobore Katika Pwani ya Ruvuma

Katika nchi ambazo silaha huuzwa dukani kama bidhaa nyingine, mwanamke anayetaka kujifunza kulenga shabaha huulizwa kwanza ana fedha kiasi gani, kisha hupimiwa bastola inayolingana na kiganja chake. Katika pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Mtwara na Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, swali la silaha ya kwanza ya mwanamke lina historia tofauti kabisa, kwa kuwa silaha za bei rahisi zilifika huku mapema na kwa wingi, lakini mkono wa mwanamke haukuzigusa kwa karibu karne nzima. Kizuizi hakikuwa bei. Kilikuwa ruhusa, na ruhusa hiyo ilitolewa au kunyimwa kwanza na wenye misafara na wakubwa wa koo, kisha na serikali za kikoloni, na mwishowe ikapatikana kambini, wakati vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipofanya Nachingwea kuwa mahali ambapo wasichana wa kusini mwa mto walikabidhiwa bunduki kwa mara ya kwanza wakiwa askari.

Silaha iliyotawala pwani hii katika karne ya 19 ilikuwa gobore, yaani bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Urahisi wa bei yake ulitokana na mambo yaliyotendeka mbali na Ruvuma: majeshi ya Ulaya yalipoanza kuacha bunduki za kushindiliwa na kuchukua zile zinazopokea risasi kwa nyuma, hasa kuanzia miaka ya 1860, maghala yao yalibaki na shehena kubwa ya silaha zisizotakiwa tena, nazo zikauzwa kwa wafanyabiashara waliozileta Zanzibar na bandari za Wareno. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kutoka Zanzibar zilisambazwa hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, na kwa upande wa Wareno zilipitia Ibo na kisiwa cha Msumbiji, ambako misafara ya Wayao iliyotoka bara na pembe za ndovu na watumwa ilirudi na nguo, shanga, baruti na magobore.

Ili kuelewa kwa nini silaha hiyo iliendelea kutumika hata baada ya kupitwa na wakati, ni lazima kuelewa jinsi inavyofanya kazi. Mpigaji humimina baruti katika mtutu, huweka juu yake kitambaa au nyuzi za magome, hushindilia kwa mdeki, ambao ni ufito mrefu wa chuma au wa mti mgumu, kisha hutia risasi ya duara, au ikikosekana hutia vipande vya chuma chakavu na hata vijiwe, na kushindilia tena. Aina ya zamani, iliyoitwa gumegume, iliwasha baruti kwa cheche ya jiwe, ilhali aina iliyofuata ilitumia fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kinapogongwa na nyundo. Hatua hizo zote huchukua muda mrefu wa kumtosha mnyama aliyejeruhiwa kumfikia mwindaji, na mvua ikilowesha baruti silaha hugeuka kuwa rungu. Hata hivyo gobore halikumtegemea mtengenezaji wa Ulaya baada ya kununuliwa, kwani mhunzi wa kijijini aliweza kuunga kitako kilichovunjika, kunyoosha mdeki na hata kubadilisha sehemu za mtambo, na mwenye gobore hakuhitaji risasi za kiwandani zenye ukubwa maalumu. Silaha maskini isiyokwama kwa kukosa vipuri ilikuwa na thamani kubwa kuliko silaha bora isiyo na risasi.

Nafasi ya mwanamke katika biashara hiyo inaumiza kuisimulia. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto ni wa akina mama yake na wa mjomba wake kabla ya kuwa wa baba, lakini heshima hiyo ya nasaba haikumpa mwanamke silaha. Bunduki ilikuwa mali ya mjomba, ya mkubwa wa kijiji au ya kiongozi wa msafara. Zaidi ya hayo, wanawake na watoto walikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa na bunduki zile zile, ambazo nazo zilitumiwa kuteka wengine. David Livingstone, aliyefika Mikindani Machi 1866 na kuanzia hapo safari ya kuelekea bara kwa kufuata Ruvuma, aliandika juu ya nchi iliyoharibiwa na utekaji. Wamakonde wengi walijihifadhi juu ya uwanda wao, katika vichaka vizito ambavyo mteka watu hakuvipenya kwa urahisi, lakini uwanda huo una upungufu mkubwa wa maji, hivyo wanawake walilazimika kushuka mabondeni kuyateka, na hapo ndipo walipokuwa hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Aliyehitaji ulinzi zaidi ndiye aliyetembea na mtungi kichwani bila silaha yoyote.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa ambao pia uliweka masharti ya silaha katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Bunduki za kisasa zilizuiliwa isipokuwa kwa majeshi na kwa watu wachache walioaminiwa na watawala, na kilichoweza kutolewa katika maghala ya serikali kwa ajili ya kuuzwa kilikuwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya silaha ya mtawala na silaha ya mtawaliwa iliandikwa katika sheria ya kimataifa, na gobore likawa alama ya hadhi ya mtu mweusi mbele ya dola. Wajerumani walikuwa wameshaiteka Mikindani Mei mwaka huo huo, nao walikutana na upinzani wa Machemba, mtawala wa Wayao katika uwanda wa Makonde, ambaye alimjibu kamanda wao, Hermann von Wissmann, kwa barua ya Kiswahili akikataa kwenda kumsujudia, na ambaye hakuondolewa hadi mwaka 1899, alipovuka mpaka na kuingia Msumbiji. Ngome ya Wajerumani, Boma la Mikindani, iliyojengwa mwaka 1895, ingali imesimama ikitazama ghuba.

Sheria za uwindaji zilifuata, kuanzia ile ya Wissmann ya mwaka 1896 iliyodai leseni, na hapa historia ya silaha inaingia shambani. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika juu ya Uzaramo, amedai kwamba chimbuko la vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani haliwezi kueleweka bila nguruwe pori: wanaume walipochukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, na uwindaji wa pamoja kwa nyavu na bunduki ulipodhoofishwa na sheria, mashamba yaliachwa mikononi mwa wanawake wasio na njia ya kuwazuia wanyama. Uzaramo si Mtwara, lakini hoja hiyo ina uzito kwa kusini yote, kwa sababu kazi ya kuulinda mtama na mhogo usiku, juu ya dungu, yaani kichanja cha mlinzi wa shamba, ni kazi ambayo wanawake waliijua vyema. Vita vilipozuka mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto, ingawa sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde haikuingia vitani. Na vilipozimwa mwaka 1907, Wajerumani walikuwa wamewanyang'anya silaha walioshindwa, na njaa ikafuata katika nchi ambayo sasa ilikuwa na wanyama wengi na bunduki chache.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa kwa ukali, Newala ikatekwa na Wareno na kurudishwa na Wajerumani mwaka 1916, na Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma na kujipatia bunduki za kisasa katika ghala la Wareno huko Ngomano, lakini kwa wanakijiji vita hivyo vilileta uchukuzi wa lazima na uporaji wa chakula tu. Waingereza waliofuata walidumisha mpango ule ule wa leseni: magobore machache yaliruhusiwa, bunduki za kisasa zilikuwa za walowezi na maofisa, na kazi ya kuwaua tembo waliovamia mashamba ilikabidhiwa kwa Idara ya Wanyamapori. Bastola katika kipindi hicho ilining'inia kwenye mkanda wa ofisa, na mwananchi wa kawaida, mwanamume au mwanamke, hakuwa na sababu wala ruhusa ya kuifikiria.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 uliijengea Mtwara bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, na ingawa mradi huo uliachwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, uliacha barabara, majengo na mashamba yaliyosafishwa katika eneo ambalo hadi mwaka 1971, Mkoa wa Lindi ulipotengwa, lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mtwara. Serikali ya Tanzania ililitoa eneo la Nachingwea kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ambacho kilianza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Oktoba 1966 Kamati Kuu ya chama hicho iliamua kwamba wanawake washiriki kikamilifu katika mapambano, na mapema mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana 25 kutoka majimbo ya Cabo Delgado na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, lilipelekwa Nachingwea kupata mafunzo ya kijeshi. Hilo ndilo lililozaa Kikosi cha Wanawake, ambacho kati ya viongozi wake walikuwamo Marina Pachinuapa na Josina Muthemba, aliyejulikana baadaye kama Josina Machel na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25.

Upinzani ulikuwa mkubwa. Wazee na baadhi ya viongozi wa Cabo Delgado waliona kwamba msichana aliyetengwa na nyumba ya mama yake, akalala kambini na kufundishwa na wanaume, alikuwa amepotea kwa ukoo. Wanawake walilazimika kushinda vita viwili, kimoja dhidi ya mkoloni na kingine dhidi ya fikra za wenzao. Waliofuzu walibeba masanduku ya risasi na makombora kichwani kwa siku nyingi kutoka mpakani kuelekea ndani ya Msumbiji, walilinda maeneo yaliyokombolewa, waliwahamasisha wanavijiji na kuwalea watoto waliopoteza wazazi. Ni haki kusema kwamba mzigo ulikuwa mwingi kuliko mapigano, lakini mbeba mzigo mwenye bunduki begani ni mtu tofauti na yule aliyeshuka bondeni na mtungi.

Silaha walizofundishiwa zilikuwa bunduki ndefu zilizotolewa na nchi za kijamaa, kama vile SKS ya Simonov, inayobeba risasi kumi na yenye uzito wa karibu kilo 4, na Kalashnikov. Bastola za Tokarev na Makarov, ambazo zina uzito usiofikia kilo 1 na hubeba risasi nane, zilibaki mikononi mwa makamanda. Mtu asiyezijua silaha angeweza kudhani kwamba bastola nyepesi ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa kike, kumbe mambo ni kinyume chake: bastola ina mtutu mfupi, hivyo umbali kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele ambazo mpigaji huzilinganisha ni mdogo, na mtikisiko kidogo wa kiganja huipeleka risasi mbali na shabaha. Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa begani, uzito wake hupunguza mshtuko wa kurudi nyuma, na anayeanza huona matokeo mapema. Wakufunzi wa Nachingwea walifuata desturi ya majeshi yote, na wanafunzi wao wakathibitisha kwamba kinachohitajika ni mazoezi.

Upande wa Tanzania nao ulibadilika. Wareno walitega mabomu ya ardhini na kushambulia vijiji vya mpakani, kaya zilizotawanyika kando ya Ruvuma zikakusanywa katika vijiji vya ujamaa kwa sababu za ulinzi pia, na baada ya Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa Februari 1971 mgambo, yaani jeshi la akiba la wananchi, lilipanuliwa. Wanawake waliingia katika mafunzo hayo, kama walivyokuwa wakiingia Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa Julai 1963. Bunduki ya mgambo, hata hivyo, haikuwa mali ya anayeishika, maana ilirudishwa ghalani mafunzo yakiisha.

Leo umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991, ambayo humtaka mwombaji aeleze sababu, apitie uchunguzi wa vyombo vya usalama na athibitishe kwamba amefunzwa. Haimbagui mwanamke, wala haimwachi mhunzi aendelee kuunda magobore kwa siri. Ukali huo una sababu katika eneo ambalo mwezi Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado walivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, na mtafiti anayeijua historia ya utekaji wa karne ya 19 hawezi kutamani kuiona pwani hii ikijaa tena silaha rahisi. Kinachopaswa kutakwa ni kingine. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 18 kundi la kwanza lilipofika Nachingwea alizaliwa mwaka 1948 au 1949, na kumbukumbu zilizoandikwa zimewataja viongozi wachache huku zikiwaacha wapiganaji wa kawaida, wabeba risasi na wanawake wa mgambo wa vijiji vya Ruvuma bila majina. Vyuo, makumbusho na halmashauri za Mtwara na Lindi vinapaswa kurekodi ushuhuda wa waliosalia, pande zote mbili za mto, wangali hai.